Uchambuzi wa kisa: sandwichi 12 za deli zilizoharibikia kwenye mkate

Kisa hiki ni cha kweli. Majina, mji na timu vimeondolewa. Mhusika mkuu tunamwita Mama N. Tumekichagua kwa sababu chakula kilekile kilipikwa mara mbili, kwa watu walewale, jikoni mwa mtu yuleyule. Mara ya kwanza kilibaki nusu, mara ya pili kikaisha. Kati ya mara hizo mbili nyama ilipungua, haikuongezeka.

## Mazingira ya kisa

Familia hii inatoka pwani ya Afrika Mashariki na inaishi mashariki mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani. Sehemu hiyo sandwichi ndefu ya Kiitalia, ile yenye umbo la nyambizi (submarine), huitwa hoagie. New York ni hero, na New England ni grinder. Duka la deli la mtaani, yaani duka la nyama baridi na jibini za kukatwa, huiuza kwa sura inayojulikana: mkate wa futi moja uliopasuliwa ubavuni, jibini ya provolone, nyama baridi za aina tatu hivi zilizokatwa nyembamba mno, nyanya, kitunguu, saladi iliyokatwakatwa, mafuta, siki na oregano. Nyama zenyewe kwa kawaida ni ham, capicola na salami ya Genoa. Zote ni za nguruwe, na nyumba hii haili nguruwe.

Mama N. aliamua kuitengeneza nyumbani kwa nyama halali. Nafasi ilipatikana Julai: timu ya mpira ya kijana wake ilikuwa na mechi Jumamosi, na wazazi hupokezana kuleta chakula cha mchana. Watu walikuwa 24. Hesabu yake ilikuwa mikate 12 ya sentimita 30, kila mmoja ukatwe vipande viwili.

Ni mpishi wa uhakika. Chapati zake hufunguka tabaka kwa tabaka, na mkate wa kumimina haumpi shida. Jikoni alikuwa na oveni ya umeme ya kawaida, trei tatu, mashine ya kukandia ya nyumbani, friji yenye friza na kisu kirefu cha mkate. Mizani hakuwa nayo. Mashine ya kukatia nyama kama ya deli hakuwa nayo pia, na hilo halikubadilika hata mara ya pili.

## Mara ya kwanza

Alhamisi jioni alinunua nyama, na zaidi ya nusu ya pesa zote ziliishia hapo. Alichukua salami ya ng'ombe, mortadela ya ng'ombe (soseji nene laini ya kukatwa vipande) na kidari cha bata mzinga kilichokatwa tayari na kufungwa pakiti, vipande vya unene wa milimita tatu. Provolone aliichagua kwa kusoma lebo, akatafuta iliyogandishwa kwa kimeng'enya kisichotoka kwa mnyama, kwa kuwa provolone ya asili hutumia kimeng'enya cha tumboni mwa ndama au mwanambuzi. Hapo alifanya vizuri.

Ijumaa asubuhi alikanda mkate kwa unga wa kawaida wa matumizi yote, akipima kwa kikombe. Kinyunya kilinata mkononi, akaongeza unga hadi kikaacha kunata. Kiliumuka saa nzima. Akakigawa kwa macho madonge 12, akayavingirisha marefu, akayaacha dakika 20 tu kwa kuwa oveni ilikuwa tayari imepata moto. Aliioka kwa nyuzi 190 za Selsiasi, dakika 30, bila mvuke wowote. Ilipopoa aliitia kwenye mifuko ya plastiki na kuiweka kwenye friji, akiamini ndipo itakapobaki laini.

Usiku wa Ijumaa, saa tatu, alizijaza zote. Mafuta na siki moja kwa moja juu ya mkate, kisha nyanya, kisha saladi iliyotoka kuoshwa, kisha kitunguu, nyama ikalazwa bapa kipande juu ya kipande, na jibini juu kabisa. Kila mkate ulibeba takriban gramu 220 za nyama. Akazifunga kwa foili na kuzirudisha kwenye friji.

Jumamosi saa mbili asubuhi zilipakiwa kwenye buti ya gari, ndani ya sanduku la kuhifadhia baridi lenye mfuko mmoja mdogo wa barafu. Zililiwa saa saba mchana. Joto la nje lilikuwa nyuzi 33.

Matokeo yalionekana kwenye pande la kwanza. Mkate wa chini ulikuwa umelowa hadi ukashika foili, huku ganda la juu likiwa gumu kiasi kwamba watoto walilivuta kwa meno ya pembeni. Kila aliyeuma, upande wa pili nyama na nyanya zilitoka nje zikaangukia nyasi. Wengi walitoa nyama wakaila peke yake na kuacha mkate. Wifi yake Mama N., aliyekuja kusaidia kugawa, alimwambia pembeni: "Wifi, nyama yako tamu, lakini huu mkate haupiti." Zilizobaki zilikuwa sita na nusu. Kocha alitaka watoto wabebe nyumbani, Mama N. alikataa, akazitupa zote.

Kukataa kule kulikuwa uamuzi sahihi kuliko yote ya siku ile. Mwongozo wa usalama wa chakula Marekani unataka nyama baridi ikae kwenye nyuzi 4 au chini yake, isikae nje zaidi ya saa mbili, na joto la hewa likipita nyuzi 32 isizidi saa moja. Zile zilikuwa zimekaa saa tano ndani ya sanduku ambalo barafu yake ilikwisha njiani. Hakuna aliyeugua, lakini hiyo haikuwa sababu ya kuwapa watoto waende nazo.

## Maamuzi kabla ya mara ya pili, na sababu zake

Zamu yake ilirudi baada ya wiki mbili. Ushauri wa kwanza aliopata kwa ndugu ulikuwa aongeze nyama na aweke mayonezi. Hakufuata wala huu wala ule. Alikaa na wifi yake wakaipitia sandwichi tangu mkate hadi siki, wakiuliza jambo moja kwa kila kiungo: maji yake yanakwenda wapi?

Unga na vipimo. Alinunua mizani ya jikoni na unga wa mkate wenye protini karibu asilimia 12.7. Unga wa matumizi yote wa mara ya kwanza ulikuwa na asilimia 10.5, na gluteni yake, protini inayovutika kwenye kinyunya, haikutosha kuubeba mkate mrefu wenye ganda jembamba. Kikombe kilimponza zaidi ya aina ya unga. Kikombe kimoja kinaweza kubeba gramu 120 ukimimina kwa kijiko, au 150 na zaidi ukichota na kushindilia. Kwenye vikombe 12 tofauti inapita gramu 350, na huo ni unga wa kutosha kukiua kinyunya kizima. Vipimo vya mikate 12 vilikuwa hivi:

- unga wa mkate gramu 1,500
- maji gramu 900
- mafuta gramu 60
- sukari gramu 45
- chumvi gramu 30
- hamira ya papo hapo gramu 15

Jumla ni gramu 2,550, yaani donge la gramu 210 kwa kila mkate na kidogo kinachobaki kwenye bakuli na vidole. Maji ni asilimia 60 ya unga. Kwa kiwango hicho kinyunya hunata dakika tatu nne za mwanzo kisha hujisafisha chenyewe ukutani mwa bakuli gluteni inapojenga. Mtu akiongeza unga katika dakika hizo za mwanzo ameshaharibu. Mafuta na sukari si mapambo hapa: ndivyo vinavyolainisha ganda, na ndiyo tofauti ya mkate huu na mkate wa Kifaransa wenye ganda la kuvunjika. Anayejua boflo la Mombasa au Unguja ana picha ya kutosha ya umbo, ila huu ni mrefu zaidi na ndani yake umekaza kidogo ili ubebe mzigo.

Gramu 1,500 za unga hazienei kwenye mashine ya nyumbani, kwa hiyo alikanda mara mbili, gramu 750 kila mara, dakika 9 kwa mwendo wa chini. Kipimo cha mwisho kilikuwa kuvuta kipande kidogo kwa vidole hadi kiwe utando unaopitisha mwanga bila kuchanika.

Kuumuka mara mbili, kweli kweli. Mara ya kwanza madonge yaliingia motoni yakiwa bado yamekaza. Mkate usioumuka vya kutosha hufunga ndani, na ndani iliyofunga haibonyei ukiumwa. Safari hii: dakika 70 za kwanza hadi kinyunya kifike mara mbili, kugawa kwa mizani, kupumzisha madonge dakika 15 chini ya kitambaa ili yakubali kuvingirishwa, kisha kuyanyoosha hadi sentimita 28. Baada ya hapo dakika 50 nyingine kwenye trei. Alama ya kuwa tayari ni kubonyeza kwa kidole: shimo lirudi polepole na libaki nusu. Likiruka na kurudi upesi, ngoja. Likibaki vilevile, umechelewa.

Moto na mvuke. Nyuzi 220, dakika 18 hadi 20, na trei ya chuma chini ya oveni iliyomiminiwa kikombe cha maji ya moto mara mkate unapoingia. Mvuke huuacha uso wa mkate ukiwa na unyevu kwa dakika chache za mwanzo, mkate ukapata nafasi ya kutanuka kabla ganda halijakauka. Moto wa chini wa muda mrefu bila mvuke, kama ule wa nyuzi 190, hukausha uso mapema na kuendelea kuunenepesha ukavu huo hadi mwisho. Mkate umeiva ndani ukifika nyuzi 93 kwenye kipimajoto.

Friza badala ya friji. Hili lilimshangaza Mama N. kuliko yote, na linawashangaza wengi. Mkate uliokaa hauwi mgumu kwa kukauka tu. Wanga uliolainika motoni hujipanga upya na kukaza kadiri siku zinavyokwenda, na kazi hiyo huenda kasi zaidi kwenye baridi ya friji kuliko mezani. Kwenye friza husimama karibu kabisa. Kwa hiyo aliioka Alhamisi, akaiacha ipoe saa mbili juu ya waya, akaifunga kwa mifuko ya kubana hewa na kuiingiza friza. Kuoka Jumamosi alfajiri kungekuwa bora zaidi kwa ladha, lakini mkate wa moto ukifungwa hutoa mvuke unaoloweka kila kitu, na hakuwa na saa mbili za kuusubiri upoe.

Nyama nyembamba, na kidogo. Akaachana na pakiti ya bata mzinga. Alinunua kidari kisicho na mfupa, kilo moja, akakipaka chumvi gramu 15 na pilipili manga usiku wa Jumatano, akakioka Alhamisi kwa nyuzi 160 hadi katikati ifike nyuzi 74. Kilipopoa kilikaa friji usiku kucha, kisha friza dakika 45 kabla ya kukatwa. Hizo dakika 45 ndizo mbadala wa mashine: nyama iliyoanza kugandika hainyumbuki chini ya kisu, na kisu kirefu kikivutwa mara moja bila kusaga huku na huku hutoa vipande vya milimita moja na nusu. Salami aliinunua ikiwa nzima na kuikata vivyo hivyo. Mortadela alikatiwa buchani, ambako walikuwa na mashine.

Kwa kila mkate: bata mzinga gramu 60, salami 40, mortadela 30, provolone 50. Jumla ya nyama ni gramu 130, badala ya 220.

Kuzuia maji. Nyanya zilikatwa milimita nne, zikanyunyizwa chumvi na kulazwa kwenye waya dakika 15. Chumvi huvuta maji nje, nawe unayapangusa kabla hayajafika kwenye mkate. Kitunguu kilikatwa chembamba na kuoshwa kwa chumvi kama cha kachumbari, kikasuuzwa na kukamuliwa. Saladi ya kichwa, ile ngumu ya kuvunjika, ilikatwa milimita tatu, ikalowekwa maji ya barafu dakika 10, kisha ikakaushwa kwa kifaa cha kuzungusha na kumaliziwa kwa taulo. Saladi yenye maji haishiki mafuta wala oregano. Vyote huteleza hadi chini.

Mafuta na siki viende kwenye chupa. Mililita 180 za mafuta ya zeituni kwa 90 za siki ya tufaha, kijiko kikubwa kimoja cha oregano kavu, chumvi na pilipili manga. Hiyo ni kijiko kikubwa cha mafuta na nusu yake ya siki kwa kila mkate. Deli nyingi hutumia siki ya divai nyekundu, Mama N. alipendelea ya tufaha ili mgeni yeyote asisite. Siki huilegeza saladi ndani ya nusu saa, ndiyo maana dukani huimimina mwisho mbele ya mteja.

Kuhusu mayonezi. Wifi aliiogopa kwa kuwa watu wengi huamini ndiyo inayoharibika juani. Mayonezi ya dukani ina asidi ya kutosha. Hatari kwenye sandwichi hii iko kwenye nyama, na pia kwenye nyanya na saladi zilizokwisha kukatwa, ambazo nazo zinatakiwa kukaa kwenye baridi. Mama N. hakuiweka kwa sababu hoagie ya Kiitalia ya eneo hilo ni ya mafuta na siki. Hofu haikuhusika.

## Siku yenyewe

Alhamisi kazi ya mkate ilichukua asubuhi nzima. Trei yake ilibeba mikate minne, na aliioka trei moja moja ili moto usigawanyike. Trei ya kwanza na ya pili zilikwenda sawa. Ya tatu aliisahau mezani badala ya kuitia friji ingoje zamu yake, jikoni kukiwa na joto, na mikate miwili ikapitiliza: ikatanuka ubavuni, ikatoka bapa.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mikate ilitolewa friza ikiwa ndani ya mifuko yake. Saa mbili u nusu iliingia oveni ya nyuzi 175 dakika sita, ikatolewa, ikapoa.

Kuipasua kulifanywa kwa kisu cha mkate, kisu kikilala sambamba na meza, kikisimama sentimita moja kabla ya kutokea upande wa pili. Ubavu uliobaki ndio bawaba. Alikunjua mkate kama kitabu, akanyofoa kwa vidole gramu 15 hivi za ndani laini kwenye nusu ya juu, mfereji mwembamba wa kina cha kidole cha mwisho, ili saladi ipate pa kukaa. Kisha akapaka mafuta matone machache pande zote mbili kwa brashi, utando tu.

Provolone ilitangulia. Vipande vilikatwa nusu duara na kupangwa vikipandana pande zote mbili za mkate, hadi kukawa hakuna sehemu ya mkate inayoonekana katikati. Jibini ina mafuta, haipitishi maji ya nyanya kirahisi. Juu yake bata mzinga, kila kipande kikiinuliwa, kikaachwa kijikunje chenyewe na kushushwa, bila kubonyezwa. Mortadela vivyo hivyo, na salami mwisho. Hapo zilifungwa kwa karatasi ya bucha, kwa kubana, zikaingia kwenye sanduku la baridi lenye barafu chini na juu, kipimajoto katikati. Nyanya, kitunguu na saladi zilikwenda kwenye vyombo vyao ndani ya sanduku hilohilo, chupa ya siki pembeni.

Sanduku lilisoma nyuzi 3 walipofika uwanjani. Saa sita u nusu, Mama N. na wifi walizifungua moja moja juu ya meza ya kukunja: nyanya juu ya salami, kitunguu, konzi ya saladi, kijiko kimoja na nusu cha mchanganyiko wa chupa juu ya saladi tu. Zikafungwa tena kwenye karatasi yake, zikakaa dakika 10, zikakatwa katikati pamoja na karatasi. Kuzifunga na kuzipumzisha hivyo hushikanisha tabaka, na mtu hula akiwa ameshika karatasi, sandwichi ikiwa bado imebanwa.

Mmoja wa wageni alikuwa mjamzito. Nyama baridi za deli zinaweza kubeba bakteria wa listeria, na wajawazito wanashauriwa wasizile hadi zipashwe moto kufikia nyuzi 74. Uwanjani hakukuwa na moto, hivyo yeye aliwekewa mkate wake wa jodari wa kopo, tangu nyumbani.

Kufikia saa saba u robo karatasi zilikuwa tupu.

## Uchambuzi

Watu waliosimulia kisa hiki baadaye walisema siri ilikuwa bata mzinga wa kuoka nyumbani. Alikuwa mzuri kweli, lakini sivyo. Kama Mama N. angemtia bata mzinga yule kwenye mikate ya mara ya kwanza, angeangukia nyasi vilevile.

Sababu ni ya nguvu za meno. Unapouma, ganda linapaswa kukatika kabla vya ndani havijaanza kusogea. Ganda likiwa gumu kuliko nyama, meno hulikandamiza bila kulikata, na nguvu yote hiyo huhamia kwenye kilicho laini na chenye maji, nacho hukimbilia upande wa pili. Nyama nene iliyolazwa bapa huongeza tatizo: haikatiki kwa meno ya mbele, inavutwa nzima na kuburuta nyanya pamoja nayo. Ganda jembamba na nyama iliyokunjwa hukatika kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kati ya mabadiliko yote, mawili ndiyo yaliyobeba uzito: mkate ulioumuka na kuokwa kwa mvuke, na unene wa nyama. Mtu asiye na muda wa kuoka anaweza kununua mikate mirefu ya deli kwenye duka la mikate na bado akapata sandwichi nzuri. Asiyeweza kukata nyama nyembamba amwombe muuza bucha; akikosa vyote viwili, heri apike kitu kingine siku hiyo.

Mpangilio wa tabaka ulikuja baada ya hapo. Mara ya kwanza nyanya na siki ziligusa mkate kwa saa 16, tangu saa tatu usiku hadi saa saba mchana. Hakuna mkate unaohimili hilo, uwe umeokwa vizuri namna gani. Mara ya pili nyanya zilikaa juu ya nyama kwa nusu saa na hazikugusa mkate kabisa. Hapa kutenganisha muda kulisaidia zaidi kuliko jibini: hata bila kupanga provolone kwa uangalifu ule, nusu saa isingetosha kuuloweka mkate. Utando wa mafuta na jibini una faida kubwa kwa anayefunga chakula cha kazini asubuhi na kula saa saba.

Yaliyoshindikana mara ya pili nayo yanafaa kutazamwa. Mikate miwili bapa ya trei ya tatu ilipasuka bawaba ilipokunjuliwa, na sandwichi zake zililiwa kwa uma. Dawa yake ni rahisi: trei zinazosubiri zikae friji tangu zinapomaliza kuvingirishwa, zitolewe dakika 20 kabla ya zamu yao. Dakika sita za kupashia moto pia zilizidi kwa mikate myembamba, kingo zikakauka, nne zingetosha. Vipande vya bata mzinga vya mwisho vilitoka vinene kwa sababu nyama ilikuwa imeshalegea wakati kisu kinafika huko. Ingekatwa kidari nusu, nusu nyingine ikabaki friza.

Pilipili za kachumbari ya siki, zile za pete za njano, ziliwekwa kwa kuombwa na watoto dakika ya mwisho, moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Sandwichi tatu zilizozipata ndizo pekee zilizolowa. Zingechujwa nusu saa kwenye chujio na kupanguswa, zingekaa vizuri tu pamoja na vitunguu.

Nyama iliyobaki, gramu 200 na ushei, ilirudi nyumbani ndani ya sanduku lililosoma nyuzi 4, ikawekwa friji na kuandikwa tarehe. Nyama ya deli iliyofunguliwa ni ya siku tatu hadi tano. Jumanne iliingia kwenye mayai ya asubuhi, na makombo ya mkate yaliyonyofolewa yalikaushwa oveni yakawa chenga za kukaangia samaki.